Amana ya Paka

Jumapili, 29 Septemba

Nimehama. Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya godoro, Norsborg, kituo cha mwisho cha njia nyekundu ya treni. Chumba kimoja na jiko, lakini mkataba una jina langu peke yangu, na kwa mtu aliyesubiri foleni ya nyumba ya jiji hili la Kiswidi tangu akiwa mwanafunzi, hiki si chumba, ni ikulu. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee ya Skärholmen, sasa nafika kabla sijamaliza kuusoma ujumbe wa asubuhi wa mama yangu kutoka Bukoba.

Senene amejificha chini ya sinki na hataki kutoka. Ni paka dume wa kijivu. Nilimpa jina hilo kwa sababu alipokuwa mdogo alirukaruka kama senene wa kwetu waliotoka kunaswa.

Limebaki jambo moja tu, na jambo hilo ni Mama Nicole. Jina lake ni Perpétue, Mkongomani wa Uvira, mjane, msafishaji wa ofisi za Kista. Miaka minne nimepanga chumba kwake Husby. Nilipomleta paka, alisimama kwenye mlango wa jikoni akasema huyo ni mnyama wa watu wenye mambo ya giza, na tena akikwaruza sakafu kampuni ya nyumba itamdai yeye, si mimi. Akataka amana ya krona elfu sita. Nilimpa taslimu, maana hakutaka mambo ya simu. Tukakubaliana kwamba siku nitakayohama na paka wangu, pesa nayo inahama.

Jana, nikiwa nimeshambeba Senene ndani ya kikapu chake na gari linaningoja chini, aliniambia tusiharakishe. Lazima kwanza aitazame sakafu.

"Kuya siku ya posho," alisema. Kwao "kuya" ni njoo, na siku ya posho ni Jumamosi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Kutoka hapa mpaka Husby ni kuvuka jiji zima, njia nyekundu mpaka katikati, kisha njia ya buluu.

Nilikuta mezani sombe, kisamvu cha kwao, pamoja na bugali na ndagala. Tulikula kwanza. Baada ya kula alichukua tochi, akapiga magoti ndani ya chumba changu cha zamani, akaimulika sakafu ubao kwa ubao kama mtu aliyeangusha hereni. Karibu na mlango akaona mikwaruzo.

"Hii ni Monsieur," alisema.

Hajawahi kumwita Senene. Anasema kumpa mnyama jina la chakula ni kumtafutia balaa. Akasema atamwita Melchior, fundi seremala wa kanisani kwetu, aje aseme ni uharibifu wa kiasi gani. Nilikubali, ni haki yake. Nikiwa navaa viatu akaniuliza kama Monsieur anakula, na analala wapi.

Jumatano, 9 Oktoba

Kazi. Mvua. Senene amekubali kulala kitandani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda Husby. Melchior hakuja. Tumekula, nimerudi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo Melchior alikuja. Alipitisha kidole gumba kwenye mikwaruzo, akacheka, akaomba kitambaa na mafuta ya mbao. Akasugua kidogo, na mikwaruzo ikawa kama haijawahi kuwapo. Alisema sakafu ile imewahi kuona mabaya zaidi ya paka.

Nilidhani Mama Nicole atafurahi. Hakufurahi. Alimshukuru fundi, akamsindikiza, kisha akarudi jikoni kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Nikamwambia, basi mama, sakafu imepona, tumalize lile jambo letu. Akasema feza iko, lakini haiko hapa. Nikauliza iko wapi. Akasema iko mahali. Akaniongezea samaki kwenye sahani.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimemsimulia Paskalia, rafiki yangu wa Mwanza niliyesoma naye hapa. Hakuniacha nimalize.

"Hizo pesa zimeshaliwa, Dativa," alisema. "Mtu mwenye pesa hapa analipa kwa kubonyeza simu. Anayekuita mezani kila wiki anakununua kwa ugali."

Sikupenda alivyosema, lakini maneno yameniingia. Nimekaa jioni yote nikikumbuka mambo ya miaka minne: jinsi Mama Nicole alivyokuwa akizima taa nyuma yangu, jinsi alivyojua kwa kuinua chupa tu ni nani ametumia mafuta. Zamani niliyaona kama mambo ya mtu aliyezoea shida. Leo nimeyaona kama uchoyo.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sikwenda. Amepiga simu, nikasema niko zamu. Sikuwa zamu.

Jumamosi, 2 Novemba

Saa zimerudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi na giza sasa linaingia kabla chai ya jioni haijachemka. Nilitembea kutoka kituoni Husby nikiwa nimeshaamua nitakachosema.

Chumba changu bado ni kitupu. Kitanda kimetandikwa, pazia limefuliwa. Nilimuuliza kwa nini hajapata mpangaji mwingine, wakati kila ukurasa wa Watanzania na Wakongomani hapa umejaa watu wanaolilia chumba. Akasema watu wa siku hizi si wasafi.

Tulipokuwa tunakula alipiga simu binti yake, Nicole, ambaye tangu kiangazi anaishi Göteborg na mchumba wake. Mama anasema Kiswahili, binti anajibu Kiswidi, kama kawaida yao. Mama aliuliza kama atakuja Krismasi. Sauti kwenye simu ikasema wataona, wana mambo mengi. Mama akasema sawa, sawa, hakuna tatizo, hata baada ya simu kukatika.

Nilipaswa kunyamaza pale. Sikunyamaza. Nilimdai pesa yangu, na aliposema siku ya posho inayokuja, nikamwambia simwamini tena, kwamba ana maneno mengi na ukweli kidogo.

Alifunika sufuria taratibu. "Unakula kwangu, kisha unaniita mwongo mezani kwangu," alisema.

Nikachukua koti langu.

Jumanne, 5 Novemba

Bado nina hasira. Mzee mmoja kazini ameniuliza nani amenikera. Nimesema hali ya hewa.

Jumamosi, 9 Novemba

Nilimwandikia Mama Nicole kwamba anaweza kumpa mtu yeyote wa kanisani pesa hizo aniletee. Alijibu neno moja: "Kuya." Sikwenda.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilikwenda, lakini nilisimama mlangoni na sikuvua viatu. Harufu ya sombe ilijaa hadi kwenye ngazi. Akasema niingie, nikasema pesa. Akasema leo hapana, nile kwanza. Nikasema sili. Akaingia jikoni, akarudi na chakula ndani ya kopo la siagi, limefungwa kitambaa. Nikalikataa. Alibaki amelishika kwa mikono miwili mimi nikishuka ngazi.

Ndani ya treni nilijiambia nimefanya vizuri.

Alhamisi, 21 Novemba

Theluji ya kwanza.

Jumatatu, 25 Novemba

Ijumaa sikuandika, wala siku zilizofuata. Sasa naandika.

Ijumaa nilirudi kutoka kazini nikamkuta Senene ndani ya sanduku lake la mchanga, amejikunyata, anajikamua bila kutoa tone. Nilipomgusa tumbo alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama. Nilimfunga ndani ya sweta langu nikakimbia naye kituoni. Kwenye kliniki ya wanyama daktari, dada mwenye mikono miembamba, alimpapasa akasema njia ya mkojo imeziba, na asipofunguliwa jioni hiyo hiyo figo zitakufa, naye atakufa. Kisha akanieleza, kwa upole, kwamba sehemu ya malipo hutolewa kwanza. Sikumkatia Senene bima. Mshahara unaingia tarehe ishirini na tano, na uliotangulia nilikuwa nimeumaliza kununua kitanda na meza.

Nilimpigia Mama Nicole. Simu iliita mpaka ikachoka. Nikapiga tena na tena, nimesimama kwenye korido yenye picha za mbwa wanaocheka, na mlango wa pili nikimsikia Senene. Hakupokea. Nikamwandikia. Ujumbe bado ninao, naunakili hapa ili nisije nikajidanganya siku moja kwamba ulikuwa mpole:

"Kama hujanipa pesa zangu leo, Jumatatu naenda kwa kampuni ya nyumba kuwaambia unapangisha vyumba, na naenda serikalini kwa watu wanaokusanya madeni. Wataamua wenyewe kama unastahili kukaa hapo."

Sikuandika kwamba paka anaumwa. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kumtisha, na habari ya ugonjwa ingeulegeza ujumbe.

Paskalia alinitumia pesa kabla sijamaliza kumweleza. Senene aliwekewa mpira, akalala huko siku tatu. Leo amerudi nyumbani, amenyolewa mguu mmoja, ana dawa ya asubuhi na jioni.

Mama Nicole hajajibu. Wala sijakwenda kwa kampuni ya nyumba, wala serikalini.

Jumatano, 27 Novemba

Bado kimya. Si kawaida yake. Hata tulipogombana kwa sababu ya sufuria iliyoungua alinitumia picha ya maua siku iliyofuata.

Jumapili, 1 Desemba

Baada ya ibada ya Kiswahili, Mchungaji Zacharie aliniita pembeni, mbali na watu waliokuwa wakinywa kahawa. Alinikabidhi pesa zangu zote. Nikauliza Mama Nicole yuko wapi, maana sikumwona kwenye kwaya. Akasema yuko nyumbani, hajatoka isipokuwa kwenda kazini, na amemtuma neno moja tu, kwamba sasa hatudaiani, nisirudi tena kwake.

Nilitegemea mchungaji anigombeze. Hakunigombeza. Aliniuliza tu nilimwandikia nini, kwa sababu mama yule hakutaka kusema. Nikamwonyesha. Alisoma, akanirudishia simu.

"Unajua huyu mama amefukuzwa kwenye nyumba ngapi katika maisha yake?" aliniuliza.

Nikasema sijui. Miaka minne tumetumia jiko moja, na sijui.

Jumanne, 3 Desemba

Nimemlipa Paskalia. Nilimuuliza kama mtu anaweza kupoteza nyumba yake kwa sababu ya kukaa na mpangaji. Akatazama, akapiga simu mahali, akaniambia hapana: anayeishi mwenyewe ndani ya nyumba yake anaruhusiwa kumpa mtu chumba. Hakuna ambacho ningeweza kumfanyia Mama Nicole hata kama ningekwenda kumshitaki. Nimetisha mtu kwa kitu ambacho hakipo.

Kisha Paskalia akasema labda yeye naye aliongea haraka siku ile.

Jumamosi, 7 Desemba

Nilikwenda Husby bila kuitwa.

Theluji ilikuwa imeganda na watoto walikuwa wakiteleza kwenye kilima kile nyuma ya duka. Niligonga. Nikasikia ndala zake zikija, zikasimama nyuma ya mlango. Hakufungua. Nikagonga tena, kisha nikapiga magoti kwenye sakafu ya ngazi, nikasukuma kifuniko cha tundu la barua. Niliona pindo la kitenge chake na soksi za sufu.

"Mama Nicole, ni mimi."

"Feza yako nimekutumia yote. Unatafuta nini tena?"

"Sikuja kudai."

"Basi umekuya na watu wa serikali."

"Niko peke yangu, mama."

Jirani alipita na mifuko ya sokoni, akanitazama nilivyopiga magoti, akaendelea kupanda. Nilidhani Mama Nicole ameondoka, lakini soksi zilikuwa pale pale. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama Monsieur yuko mzima.

Nikamwambia. Kupitia tundu lile nilimweleza habari ya Ijumaa ile yote, sanduku la mchanga, sweta, daktari, simu zilizoita bila kupokewa. Akasema alikuwa kazini, simu ilikuwa ndani ya koti, na alipoitoa alikuta ule ujumbe.

"Siku ile Monsieur alikuwa anaumwa?"

"Ndiyo."

"Na hukuniambia." Sauti yake ilibadilika. "Ungeniandikia mutoto anakufa, ningekuya na miguu. Wewe uliniandikia serikali."

Nilisema, "Nisamehe, mama. Nilikosa." Goti lilikuwa linaniuma na pua inanitiririka, na sikutaka kusimama kabla hajasema kitu. Alifungua mlango.

Jambo la kwanza nililoliona ni masanduku. Mawili makubwa na begi la mgongoni, yamepangwa ukutani kwenye korido, na juu yake koti lake la baridi limekunjwa. Nilidhani anasafiri. Akasema hapana, yako pale tangu nilipomwandikia.

"Uvira tulikimbia mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza nilitoka na Nicole mugongoni na sufuria moja, na haikuwa na kifuniko. Nilisema safari hii watanikuta tayari."

Alilisema bila kulia, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. Mimi ndiye niliyelia. Nikamweleza alichoniambia Paskalia, kwamba nyumba ni yake, hakuna mtu wa kumtoa, wala hakuwahi kuwapo. Alinifanya nirudie. Kisha akanifanya niseme mara ya tatu, kwa Kiswidi, kama wanavyosema wao ofisini, na hapo ndipo alipoketi.

Alichemsha chai. Nikamuuliza kitu ambacho kilikuwa kinanisumbua: kama pesa zilikuwapo zote, kwa nini hakunipa Jumamosi ya kwanza?

"Feza yako ilikuwa chini ya shuka zangu tangu siku ulinipa. Sikuigusa hata mara moja." Alikoroga chai yake. "Ningekupa, ungekuya kufanya nini huku?"

Nilitazama ile meza. Wiki zile zote amenipikia, na mimi nimekula nikiangalia saa. Nina nyumba yenye jina langu, nimewapigia picha dada zangu Bukoba na Mwanza, nimewaonyesha hadi bomba la maji. Yeye peke yake hapa ndiye aliyeuliza Senene analala wapi, na sikuwahi kumwambia: karibu uone.

Nikamwambia leo. Akasema Norsborg ni mbali. Nikasema najua, mimi ndiye niliyekuwa nakuja. Akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu Septemba.

Kisha tulifungua masanduku, tukarudisha vitu kabatini. Nguo za kanisani, picha ya marehemu mumewe, vyeti vya Nicole vya shule tangu darasa la kwanza, mablanketi. Kwenye begi la mgongoni kulikuwa na sufuria, na safari hii kifuniko chake kilikuwapo, kimefungwa kwa kamba.

Jumamosi, 14 Desemba

Amekuja. Nilimngoja kituoni, akashuka na mifuko mitatu kama mtu anayehamia. Senene alimnusa soksi, akanusa kitenge, kisha akapanda akakaa juu ya mapaja yake na hakushuka mpaka usiku. Mama Nicole alimshika ule mguu ulionyolewa akawa anazungumza naye Kifaransa. Mimi nikaosha vyombo.

Alikagua kila kitu. Akasema jiko ni dogo lakini lina mwanga, na pazia langu ni la hospitali.

Jumatano, 18 Desemba

Nimepangiwa zamu mchana wote wa tarehe ishirini na nne, siku ambayo Waswidi husherehekea Krismasi. Nicole amemwambia mama yake kwamba hawataweza Krismasi, labda Mwaka Mpya. Nimemwomba Mama Nicole aje akae na Senene siku hiyo, ampe dawa ya jioni. Akasema ataona. Baada ya dakika chache akapiga tena kuuliza kama nina unga.

Jumanne, 24 Desemba

Zamu ilikuwa ndefu. Wazee walikula samaki wao na viazi, wengine walingoja watoto waliokuja, wengine waliwangoja ambao hawakuja. Nilikaa na bibi mmoja mpaka akasinzia, ndiyo maana nilichelewa treni.

Nilishuka Norsborg theluji ikianguka. Madirisha yote ya mtaa yalikuwa na nyota na mishumaa ya umeme, na nikahesabu ghorofa kwa mazoea, nikitafuta dirisha langu, ambalo siku zote ndilo lenye giza. Sikuliona. Nikahesabu tena. Taa ilikuwa imewashwa, na mtu alikuwa amesimama nyuma ya lile pazia la hospitali, amebeba kitu cha kijivu begani, wanatazama nje wote wawili.

Tangu nije nchi hii sijawahi kurudi kwenye nyumba yangu mwenyewe nikakuta mtu ananingoja. Nilisimama pale chini mpaka mabega yakawa meupe.

Nilipopanda, mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Mama Nicole hakuniuliza kazi ilikuwaje. Alisema nivulie viatu huko huko nje, amepiga deki.